Dakika Tatu za Nyongeza Kabla ya Kuzima

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuchomoa waya. Sikuwa nimekasirika, wala kompyuta haikuwa imegoma. Kulikuwa kumenguruma, basi. Nililelewa Migori, katika nyumba ambayo ngurumo ya kwanza ikisikika mama huacha alichoshika na kuanza kuzunguka akichomoa: televisheni, redio, chaja za simu, hata pasi ambayo haijatumika tangu Jumapili. Kisha hufunika kioo cha ukutani kwa leso, na mwenye shati jekundu huambiwa akabadilishe. Hakuna aliyeuliza sababu. Kwetu mvua huja na radi, na kila mtaa una habari ya ng'ombe aliyepigwa malishoni au transfoma iliyolipuka.

Kwa hiyo siku ya tatu ya kazi yangu katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi mjini, ngurumo iliposikika, niliinuka nikafanya kama nilivyolelewa. Nilivuta plagi ukutani huku barua ya mteja ikiwa wazi kwenye skrini. Ilikuwa barua ya kurasa nne, ya mama mmoja mwalimu aliyekuwa akiomba kuhamishiwa shule iliyo karibu na mume wake mgonjwa. Mvua ilipokwisha nilirudisha plagi, kompyuta ikawaka, na ile barua ikakataa kufunguka.

Mwenye duka alikuwa Mwislamu kutoka Garissa, mtu mtaratibu aliyezungumza Kijaluo cha soko bila aibu na kucheka nacho mwenyewe. Aliponiuliza barua iko wapi nilimwambia radi imepiga. Nakiri kwamba nilisema haraka, kama mtu aliyekuwa amelitayarisha jibu, na kweli nilikuwa nimelitayarisha. Alitazama taa ya dukani, ikiwaka. Akatazama mashine ya fotokopi, nayo inanguruma vizuri tu.

"Hiyo radi ina akili sana, kijana," alisema. "Imeacha taa, imeacha mashine, ikachagua barua ya watu."

 Nilichapa barua upya, kurasa zote nne, mama yule akinisomea kutoka kwenye karatasi zake, na kila aliponyamaza kutafuta mstari nilihisi masikio yanawaka. Hakuna aliyenifukuza. Lakini mimi ni mtu ambaye kosa dogo hunikaa tumboni kwa wiki nzima. Narudia kulitazama kila upande, kama mtu anayesugua doa kwenye kitambaa mpaka kitambaa chenyewe kinatoboka. Niliamua kwamba sitazima kompyuta vibaya tena maishani mwangu. Ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo sikuwahi kufikiri kwamba ni swali: kuzima kompyuta ni kufanya nini hasa?

Sikuwa na wa kumuuliza. Chuo sikusoma, kila ninachojua nilikipata kwa kujaribu na kuharibu. Pale dukani kulikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyokuwa imewekwa kando kwa sababu sehemu ya kuonyesha picha na madirisha ilikuwa imekufa. Ukiiwasha ilikuletea skrini nyeusi na kistari kinachopepesa, kinakungoja uandike. Hakuna kitu cha kubofya. Wenzangu waliiona kama takataka. Mimi niliipenda kwa sababu haikuwa na njia ya mkato: ukitaka kitu lazima ukiseme kwa maneno.

Nilipoandika neno la amri ya kuzima, *shutdown*, bila kuongeza chochote, hakuna kilichotokea. Nilidhani imekataa. Niliandika tena. Nikaandika mara ya tatu, safari hii nikibonyeza kwa nguvu kana kwamba tatizo ni kidole. Baada ya muda skrini ikaanza kutiririsha maandishi, kisha giza. Nilishtuka kama niliyevunja kitu. Kumbe haikuwa imekataa. Ukiiamuru kuzima bila kutaja muda, ile mashine hujipa dakika moja.

Dakika hiyo ilinishughulisha kwa siku nyingi. Ya nini? Swichi ya taa haikupi dakika. Nilinunua daftari dogo la mraba nikaanza kuandika. Ukiongeza neno la kusema sasa hivi, huzima mara moja. Ukiweka alama ya kujumlisha na tarakimu, husubiri dakika ulizotaja. Ukiweka herufi moja tu baada ya kistari, badala ya kulala huamka upya. Unaweza hata kuandika ujumbe wako, nao ukatokea kwenye skrini ya kila mtu aliyeingia kwenye mashine hiyo, ukikata katikati ya alichokuwa akiandika. Zikibaki dakika tano, haimruhusu mtu mwingine kuingia; walio ndani wanamalizia, wa nje wanabaki nje. Na kuna herufi nyingine ya kufuta yote, ya kusema nimeghairi, endeleeni.

Yale maandishi ya mwisho yalikuwa yakipita kasi mno kwa macho yangu. Niliyarekodi kwa simu, nikawa nayarudisha picha moja baada ya nyingine wakati wa chakula cha mchana, nikinakili kila mstari hata nisiouelewa. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kompyuta haizimwi. Hujizima yenyewe, kwa utaratibu. Kwanza huiambia kila programu iliyo hai imalize kazi na itoke. Huzisubiri. Isiyotoka kwa hiari hutolewa kwa nguvu. Kisha huandika kwenye diski yale yote iliyokuwa imeyashika. Hili la mwisho lilinishangaza kuliko yote. Unapohifadhi kitu, kompyuta inakwambia tayari, lakini mara nyingi bado imekishika mkononi, inangoja nafasi ya kukiweka kabatini. Barua ya yule mama ilikuwa mkononi. Mimi nilikuwa nimemkata mtu mkono.

Nilikumbuka wageni nyumbani kwa bibi yangu. Mgeni hasemi naenda akaenda. Atasema wacha niwaache, kisha atakaa. Ataombewa, atafungiwa viazi vya kubeba, atasindikizwa hadi njiani, na huko njiani ndiko mazungumzo ya maana hufanyika. Mtoto asiyejua hudhani watu wazima wanapoteza muda. Nilikuwa mtoto huyo.

Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa mwalimu wa kompyuta wa shule moja ya bweni upande wa Homa Bay alikuja dukani kutoa fotokopi za mtihani, akanikuta nikiwa nimeifungua ile kompyuta nyeusi, nimeinama juu ya daftari. Aliniuliza ninafanya nini. Nilimweleza kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Wiki mbili baadaye alinipigia simu: walihitaji mtu wa kuangalia maabara kwa mihula miwili. Mwenye duka aliniambia niende, lakini nisiende na ile radi yangu.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye laptopu kumi na mbili za msaada, zote zimeunganishwa kwa nyaya na seva moja iliyokuwa kwenye stoo ya pembeni. Laptopu hazikuhifadhi kitu. Kila alichofanya mwanafunzi kilikaa kwenye seva. Na mwaka huo kidato cha nne walikuwa ishirini na tisa, kila mmoja na mradi wake wa mtihani: mfumo mdogo wa kumbukumbu aliojitungia, wenye fomu, majedwali na ripoti. Miradi hiyo ilipaswa kunakiliwa kwenye CD na kupelekwa kabla ya tarehe iliyowekwa. Asiyewasilisha mradi hakuwa na alama za sehemu hiyo, hata awe hodari namna gani kwenye karatasi. Madam, kama sote tulivyomwita yule mwalimu, aliniambia jambo hilo siku ya kwanza na akalirudia siku ya pili. Sikuhitaji kurudiwa. Usiku nilihesabu miradi ishirini na tisa kama wengine wanavyohesabu kondoo ili usingizi uje.

Shule ile ilikuwa na sheria yake ya radi. Miaka ya nyuma ilipiga pampu ya maji, na tangu hapo kengele maalumu ililia kila kukinguruma karibu, na soja, mlinzi wa shule, popote alipokuwa, alikimbia kwenda kuzima swichi kuu ya shule nzima. Hakuuliza mtu. Hata mwalimu mkuu akiwa anachapa barua, swichi ilishuka. Soja alijivunia mbio zake. Alisema hata mvua haijawahi kumtangulia. Nilipofika na kusikia sheria hiyo nilimwona mama yangu amevaa kofia ya kazi.

Seva ilikuwa na UPS, lile sanduku zito la betri linaloshikilia umeme kidogo swichi ikishushwa. Laptopu zilikuwa na betri zake. Kwa hiyo soja akizima, wanafunzi waliendelea kuandika, maadamu UPS ilikuwa inapumua. Mwezi wangu wa kwanza pale niliipima kwa saa ya simu: dakika tisa. Niliandika tisa kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Kisha nikatunga utaratibu wangu. Kengele ya radi ikilia, naandika amri moja: zima baada ya dakika tano, na ujumbe wa kuwaambia wanafunzi wahifadhi kazi na watoke. Dakika tano za kuaga, na nne za akiba. Nilikuwa na furaha nayo kama mtu aliyejenga daraja.

Shida ni kwamba mimi ni mwoga. Sikungoja kengele. Upepo ukigeuka kutoka ziwani, naandika amri. Lori likipita kwenye matuta barabarani, naandika amri. Ujumbe unatokea kwenye skrini kumi na mbili, wanafunzi wanaguna, mimi naenda dirishani, natazama mawingu, narudi, nafuta amri. Wakati mwingine mara tatu katika somo moja. Mwanzoni walihifadhi na kutoka kama nilivyowaambia. Baada ya mwezi waliusoma ujumbe kama mtu anavyosoma tangazo kwenye kibao cha zamani. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Hiyo ni Sir tu na mvua yake. Malizia, ataitoa." Wote wawili wakacheka bila ubaya. Niliitwa Sir Radi mpaka kantini. Nilicheka nao, lakini sikujiuliza nimewafundisha nini.

Kuna jambo lingine ambalo nililificha, na ni baya zaidi. Madam alikuwa ameniagiza nitoe nakala za miradi yote kila Ijumaa kwenye diski ya nje. Wiki ya kwanza nilipoanza nikaona wanafunzi wameyataja mafaili yao kila mtu kwa namna yake: mradi, mradi2, mradi ya mwisho, ya mwisho kabisa, na mmoja aliliita faili lake Usiguse. Sikuweza kuvumilia. Niliamua nitayapanga kwanza, kila mmoja kwa namba yake ya mtihani na tarehe, ndipo ninakili. Nilitengeneza jedwali la kupangia. Jedwali lenyewe halikunipendeza, nikalitengeneza upya. Ijumaa nne zilipita. Madam aliponiuliza nilisema naendelea nazo, na hilo halikuwa uongo kamili, ndiyo maana lilikuwa rahisi kulisema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, wiki moja kabla ya miradi kupelekwa. Baada ya saa nane mchana wanafunzi kumi na mbili walikuwa maabara. Karibu na mlango aliketi msichana mmoja kutoka upande wa Ogwedhi, ambako wajomba zake ni watu wa mifugo. Mradi wake ulikuwa daftari la chanjo la ng'ombe wa mnadani: kila mnyama na rangi yake, mabaka yake, umbo la pembe, na sindano alizodungwa. Nilipenda mradi ule kuliko yote, ingawa sikupaswa kuwa na upendeleo. Alikuwa amekwenda nyumbani likizo akakaa zizini na kalamu, akaandika ng'ombe halisi mmoja mmoja. Wenzake walitunga hospitali na maktaba za uongo; yeye alikuwa na fahali mwenye jicho moja.

Kengele ililia kweli. Ngurumo ilikuwa karibu, ya kupasua, na mabati yalitetemeka. Nilisikia buti za soja zikipita barazani, kisha feni ikapoteza kasi na kusimama. UPS ikaanza kulia kule stoo, pi, pi, pi. Niliandika amri: dakika tano. Ujumbe ulitokea kwenye skrini zote, na nikaona kwa macho yangu wanafunzi wakiusoma na kuendelea kuandika.

Niliwaambia kwa sauti kwamba leo ni kweli. Wanne wakatoka. Baadaye wengine watatu. Dakika ya nne wote walikuwa wamefunga isipokuwa yule msichana wa Ogwedhi, ambaye vidole vyake vilikuwa vinakimbia.

"Sir, ngoja kidogo," alisema bila kuinua kichwa. "Nimebakisha ng'ombe tatu tu."

Nilitazama daftari. Tisa, na mstari wa rula chini yake. Dakika nne zimekwisha, nikimpa tatu zinakuwa saba, na mbili zinabaki. Hesabu ilikuwa safi. Na nilitaka apate ng'ombe wake watatu. Nilitaka mradi wake uwe kamili, kama ambavyo mimi hutaka kila kitu kiwe kamili. Niliandika amri ya kufuta. Kisha nikaandika amri mpya: dakika tatu.

Kabla dakika hizo hazijafika nusu, mlio wa UPS uligeuka ukawa mmoja mrefu usiokatika, kisha ukanyamaza. Seva ilinyamaza nayo. Ilikuwa karibu dakika ya sita tangu swichi kushuka. Betri ilikuwa imezeeka kati ya mwezi wangu wa kwanza na siku ile, na mimi sikuwa nimeipima tena, kwa sababu namba ilikuwa imekwisha kuandikwa vizuri.

Msichana alinigeukia. "Imeganda," alisema.

Nilimwambia ni sawa, umeme ukirudi tutaangalia. Nilijua si sawa. Lile nililoapa nisilifanye tena, nilikuwa nimelifanya kwa seva yenye miradi ishirini na tisa, safari hii bila kugusa waya.

Mvua ilipopungua soja alipandisha swichi. Nilikwenda stoo nikawasha seva. Maandishi yalipanda kama kawaida, kisha yakasimama. Diski haikuwa imefungwa vizuri, iliandika. Ilikuwa na makosa ambayo haikuthubutu kuyarekebisha bila mtu kuiambia. Ikaniachia kistari kinachopepesa.

Madam alikuja akasimama nyuma yangu, mwavuli wake ukidondosha maji sakafuni. Alisoma skrini kwa muda.

"Tuna nakala za Ijumaa," alisema. Hakuwa anauliza.

"Hatuna, Madam."

"Hatuna za Ijumaa hii?"

"Hatuna yoyote. Nilitaka kupanga majina ya mafaili kwanza."

Alikunja mwavuli wake. Nilitamani afoke. Mlangoni wanafunzi walikuwa wamejazana.

"Nyathina," alisema mwishowe, mwanangu kwa Kijaluo, "nyumba ikiungua, mtu huanza kwa kupanga vikombe?" Kisha akavuta ndoo iliyopinduliwa, akaikalia. "Haya. Inataka nini hiyo?"

Nilimwambia inataka niamuru iikague diski. Nikaongeza kwamba sijawahi kufanya hivyo kwenye diski yenye kitu cha maana. Nimewahi tu kwenye ile kompyuta nyeusi ya dukani, kwa kutaka kujua. Niliona ni afadhali ajue anakaa na nani. Alisema yeye hajawahi kabisa, kwa hiyo mimi ndiye mtaalamu aliyepo.

Niliandika amri. Seva ikaanza kuuliza maswali, moja baada ya jingine: kipande hiki hakina mwenyewe, nikirekebishe? Hesabu hii haiafikiani na ile, niirekebishe? Katika swali la kwanza nilikaa karibu dakika nzima nikijaribu kuelewa kipande gani, cha nani, kimetoka wapi. La pili vilevile. Daftari lilikuwa gotini na nilikuwa naandika namba za vipande. Madam aliniuliza kama ninajua jibu jingine zaidi ya ndiyo. Nilifikiri, nikasema hapana. Basi sema ndiyo, akasema. Nilisema ndiyo mara nyingi mno, hata kidole kikachoka, na ajabu ni kwamba katikati ya hofu ile nilijikuta nimezama. Diski yenye vipande visivyo na wenyewe! Sikuwahi kufikiri kwamba jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili, na kwamba jina linaweza kupotea, mwili ukabaki.

Maswali yalikwisha. Niliandika amri ya kuwasha upya, na safari hii maandishi yalipanda hadi juu bila kusimama. Tulifungua miradi mmoja mmoja, kila mwanafunzi akija kuutazama wake na kuitikia kwa kichwa kwamba ndio. Lile lililoitwa Usiguse lilikuwa zima. Mafaili ishirini na manane yalikuwa mazima. La ishirini na tisa halikuwepo. Lilikuwa ndilo pekee lililokuwa wazi seva ilipokata roho, mikono imelishika.

Kuna folda ambayo seva hujiundia ya kuweka vilivyookotwa visivyo na majina. Ndani yake nilikuta kitu chenye namba tu. Nilipokifungua kilikuwa maandishi yaliyovurugika, alama zisizosomeka, na katikati yake, kama watu wanaochungulia kwenye majani: mweusi mwenye baka la shingoni, pembe moja imevunjika. Mwekundu wa mgongo mweupe. Fahali wa jicho moja. Ng'ombe wengi walikuwepo. Fomu zake zote, majedwali, ripoti alizozipanga kwa muhula mzima, hazikuwepo.

Nilimwita msichana nikamwonyesha. Nilimwambia yote, kwamba nilifuta amri, kwamba betri sikuipima, kwamba nakala zingekuwepo kama ningefanya nilivyoagizwa. Madam alikuwa anasikia. Nilimwambia pole nikamwambia kwamba nilitaka tu amalize.

Alisoma ng'ombe wake kwenye skrini kwanza, wote, akihesabu kwa midomo. Kisha akanitazama.

"Sir, ulinihurumia vibaya," alisema. "Ungezima tu. Ningepoteza ng'ombe tatu."

 Aliuliza kama yale maandishi yanaweza kuchapishwa. Niliyasafisha alama nikayachapisha, kurasa kumi na moja, akazibeba chini ya sweta kwa sababu mvua ilikuwa bado inadondoka.

Alianza upya kesho yake alfajiri. Madam alimwachia laptopu moja kila siku, nje ya zamu, na wenzake hawakulalamika. Mimi sikuruhusiwa kumsaidia kuunda chochote, kwa kuwa ni mtihani. Niliruhusiwa kuangalia seva tu. Nilikwenda Rongo kutafuta betri mpya ya UPS, nikarudi nayo, nikaifunga nikaipima, na kila alasiri nilinakili mafaili yote yalivyo, na majina yake mabaya. Mkono wangu ulitaka kuyapanga. Niliuacha utake. Jumatatu kulinguruma tena, yeye akiwa katikati ya jedwali. Niliandika dakika tano. Alisoma ujumbe, akanitupia jicho, akaona sijaondoka kwenye kiti kwenda dirishani. Alihifadhi akafunga katika dakika ya pili, na wengine nao.

Alimaliza Jumanne jioni, wa mwisho kati ya ishirini na tisa. Fomu zilikuwa chache kuliko za kwanza, na ripoti moja aliiacha kabisa. Ng'ombe wote walikuwemo, pamoja na wale watatu. Madam mwenyewe aliunakili mradi wake kwenye CD, akaiandika namba, akaiweka kwenye bahasha pamoja na nyingine. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimekwisha kumaliza mihula yangu, na sikujipa ujasiri wa kuuliza alipata ngapi.

Bado nafanya kazi hii, sasa katika ofisi kadhaa kati ya Migori na Homa Bay, na bado nina wasiwasi. Kilichobadilika ni hiki: nakala hutoka kila siku zikiwa zimepangwa ovyo, betri naipima kila mwezi, na nikiwaambia watu kwamba seva inazimwa baada ya dakika tano, inazimwa.